Nimeacha sigara, sasa naota kitambi. Ni nikotini, ni mahamri au ni umri?

#1 MkomaniJuu (Lamu)
Asalaam aleikum wanauzi. Sigara nimeacha tangu kabla ya Ramadhani na alhamdulillahi sijarudi. Kifua chepesi, na kile kikohozi cha alfajiri kilichokuwa kikiwaamsha majirani kimekwisha. Shida ni nguo. Suruali ya Idi nilishonewa na fundi wa Langoni kwa kipimo changu mwenyewe, na siku ya Idi kifungo kikakataa katakata. Nikaenda kuswali na kikoi chini ya kanzu. Nala na sishibi. Sahani ikiisha naenda jikoni kufunua masufuria.
Dai langu ni hili: sigara ndiyo iliyokuwa ikiniweka mwembamba miaka yote, na sasa mwili unalipiza. Mke wangu asema ni ulafi tu, hakuna cha nikotini. Nani yuko sahihi? Na mlioacha kabla yangu mlifanyaje? Sitaki kusikia "rudia kidogo kidogo".

#2 KaimatiMbili (Malindi)
Mkeo yuko sahihi. Uzi ufungwe.

#3 TuktukBarani (Malindi)
Kikoi hakina kifungo. Dawa unayo tayari, bro, watuuliza nini?

#4 Muuguzi_Maweni (Malindi)
Usimpe mkeo ushindi wote. Nikotini hufanya mambo mawili. Inatuliza hamu ya kula, kwa sababu inagusa sehemu za ubongo zinazoamua njaa na shibe. Halafu inauharakisha mwili, moyo unapiga mbio kidogo na chakula kinaungua zaidi hata ukiwa umekaa. Kuna jaribio dogo la Uswisi lililochapishwa 1986. Wavutaji waliwekwa kwenye chumba maalumu cha kupimia, siku moja wakivuta na siku nyingine bila kuvuta. Siku ya kuvuta walichoma kiasi cha asilimia 10 zaidi, kalori 200 na kitu. Hiyo ni kama hamri moja kubwa. Sasa umeacha, mwili umepunguza mwendo, na mahamri hujapunguza.
Ongeza ulimi na pua. Siku chache tu baada ya kuacha, ladha na harufu huanza kurudi. Mchuzi wa papa uliokuwa ukiula kwa mazoea sasa unausikia kila kiungo.
Kwa wastani, anayeacha bila dawa yoyote huongezeka kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya hizo huja miezi 3 ya mwanzo. Kwa hiyo hapo ulipo ndipo pagumu zaidi. Kasi hupungua baadaye.

#5 KaimatiMbili
Hamri la kalori 200 ni la wapi hilo? Kuna mama hapa Shella ya Malindi, ukila moja lake umekula hadi adhuhuri.

#6 MkomaniJuu
Shukran dada muuguzi. Basi mimi si hamri moja. Zamani asubuhi nilikuwa nala mawili kwa mbaazi, namaliza chai, nawasha. Sasa sihesabu.

#7 UmmLangoni (Lamu)
Hapo uliposema "nawasha" ndipo palipo na jambo, kaka yangu.
Mume wangu alivuta tangu hatujaoana. Nilichokuja kukiona baada ya kuacha ni kwamba ile sigara ilikuwa inamfungia mlo. Akila, akinawa, akitoka dakani, akivuta, chakula kimekwisha, hata ungemletea biriani asingeitazama. Alipoacha, hakukuwa na kitu cha kumwambia kwamba basi. Anabaki pale kwenye sinia. Anakwangua ukoko, anamalizia tambi za watoto, anauliza kama kuna ndizi. Si njaa, maana ukimuuliza umeshiba asema nimeshiba, na mkono uko kwenye ukoko.
Nilifanya hivi: akishanawa tu naondoa sinia, siachi hata achari. Nikamnunulia mswaki, hii miti inayouzwa nje ya misikiti, akatoka nao dakani palepale alipokuwa akivutia. Mkono una kazi na mdomo una kazi, na baada ya mswaki mtu hataki tena kutia mchuzi kinywani. Nguo hazikumrudia zote, nisiseme uongo. Lakini ule mlo usiokwisha ulikwisha.

#8 MzeeMatondoni (Lamu)
Mswaki nauunga mkono. Ila nyinyi watu wa yeo mwatafuta maradhi kwenye vitabu. Wazee wetu walivuta, wengine wakaacha, na wali wa nazi walikula mchana na usiku. Vitambi viko wapi? Mtu alikuwa akikata boriti mikokoni, akazibeba begani, akapakia jahazi. Yeo mtu wa Mkomani akiitwa Shela apanda boti ya mota, na mwendo wenyewe ni kama kilomita 3 tu za pwani tambarare. Kisha asema nikotini.

#9 TuktukBarani
Mzee shikamoo, ila hapo umenigusa kazini. Mimi niko kwenye usukani tangu alfajiri. Nilipokuwa navuta ilibidi nishuke, maana abiria hataki moshi. Nashuka, natembea hadi chini ya mwarobaini, navuta, narudi. Kutwa nzima hivyo. Nilipoacha sishuki tena! Niko ndani na kachiri za muhogo na soda. Sasa sijui ni sigara iliyonikonda au ni kule kushuka.

#10 KaimatiMbili
Kwa hiyo dawa ni kushuka kwenye tuktuk bila sababu. Abiria watakuona mwendawazimu.

#11 TuktukBarani
Wameshaniona hivyo kitambo.

#12 JahaziKipungani (Lamu)
Nina swali moja kwa mwenye uzi, na ajibu kwa haki: gomba, yaani miraa, nalo umeacha?

#13 KaimatiMbili
Haya sasa. Naleta kiti.

#14 MkomaniJuu
Ndiyo, nimeacha. Gomba bila fegi halipandi, kila mla miraa anajua. Niliona nikiacha moja la pili litanivuta, nikaacha yote pamoja. Lakini swali langu ni la sigara.

#15 JahaziKipungani
Swali lako ni la sigara, jibu lako ni la gomba. Wewe ulikuwa unakaa na kifungu tangu alasiri, huli cha usiku, unalala karibu na alfajiri, unaamka mchana na chai. Mlo wako mmoja kwa siku. Sasa unakula mitatu na futari ikaingia katikati. Hukuwa mwembamba kwa sababu ya moshi. Ulikuwa mwembamba kwa sababu ulikuwa huli. Mimi sigara sijawahi kuvuta, gomba nililila, nikaacha, nikanenepa vilevile. Nikotini yangu ilikuwa wapi?

#16 Muuguzi_Maweni
#15 una hoja nzito. Miraa kweli huua hamu ya kula, kathinoni iliyomo ina tabia za dawa za kuchangamsha, na kukosa usingizi ni kisa kingine. Ila usifute la kwanza kwa la pili. Kuna maelfu walioacha sigara bila kuwahi kuona miraa na wakanenepa. Mwenye uzi ameondoa vizuizi viwili vya njaa kwa mpigo, kwa hiyo hatutajua kila kimoja kilikuwa kimeshika kilo ngapi.
Na kuacha vyote pamoja hakukuwa kosa. Vinaitana.

#17 KijanaKisumuNdogo (Malindi)
Si muguka, ile aina ya miraa, ilishapigwa marufuku Pwani yote 2024? Iwapi hiyo marufuku, maana naiona kila kona.

#18 Mwalimu_Faza (Lamu)
Si Pwani yote. Mei 2024 zilizotangaza ni Mombasa, Kilifi na Taita Taveta, Lamu haikuwamo. Na mahakama ikasimamisha amri hizo muda si mrefu.

#19 Msimamizi
Muguka ina uzi wake, jamani. Hapa ni sigara na tumbo.

#20 Mwalimu_Faza
Sawa, msimamizi. Narudi kwenye namba za #4, kwa sababu naona watu watazishika vibaya. Zinatokana na uchambuzi uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2012, uliokusanya tafiti 62. Wastani wa mwaka mzima ulikuwa kilo 4.7 kwa walioacha bila dawa. Lakini tazameni ndani ya wastani: kiasi cha watu 16 katika 100 walipungua uzito baada ya kuacha. Wengine 13 katika 100 waliongezeka zaidi ya kilo 10. Kwa hiyo watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuacha siku moja, mmoja akapungua na mwingine akabadilisha kabati zima. Wastani hauvai suruali.
Mimi niliacha nikiwa kazini na sikuongezeka cha kutaja. Si kwamba nina nguvu za roho. Shuleni mchana ni githeri, inapakuliwa mara moja, sufuria inaoshwa, na kantini ya karibu ni mbali. Ningekuwa nyumbani na kaimati mezani nisingekuwa naandika hapa kwa kiburi.

#21 KaimatiMbili
Jina langu limetajwa. Naomba heshima.

#22 MgeniWatamu
Mimi nilichosikia ni kwamba kila anayeacha anaongeza kilo 10 na haziondoki maisha. Na kitambi ndicho kinacholeta sukari na presha. Sasa si afadhali mtu avute chache, mbili tatu kwa siku, akae na mwili wake? Naongea kwa nia njema.

#23 Muuguzi_Maweni
Si kila mtu, mwalimu amekwisha kukupa namba: 13 katika 100.
Kuhusu sukari, nakujibu kwa kirefu kwa sababu hili ndilo linalowarudisha wengi dukani. Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani uliofuata watu kwa miaka mingi. Kweli, walioacha na kunenepa hatari yao ya kisukari ilipanda kwa muda, ikafika kilele kati ya mwaka wa 5 na wa 7, halafu ikashuka. Ila walipotazama vifo, vya moyo na vya jumla, walioacha walikuwa na nafuu kuliko waliobaki wakivuta, wawe wamenenepa au hawakunenepa. Kitambi hakikufuta faida ya kuacha.
Na hizo "mbili tatu" zako: uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo mvutaji wa 20. Ungetegemea iwe sehemu moja ya ishirini. Sivyo.
Mwenye uzi, acha kujipima kwa suruali. Chukua utepe wa fundi, pima kiuno usawa wa kitovu. Kwa mwanamume, ukipita sentimita 94 anza kujali. Kwa mwanamke 80.

#24 MkomaniJuu
Fundi ameshanipima. Sitaji. Imepita.

#25 KahawaMkunguni (Lamu)
Nimesoma kimya, sasa niseme kutoka kwenye deli langu la kahawa. Mteja akiacha sigara mimi huwa najua kabla ya mkewe. Zamani kikombe kimoja na fegi moja, anakaa, anaondoka. Akiacha fegi anataka kikombe cha pili, cha tatu, mkono haujui uende wapi. Kahawa yangu ni tungu, haina sukari hata chembe. Lakini nani anakunywa kahawa tungu peke yake? Kashata ya njugu, halwa kipande, kashata ya nazi. Wapo ambao kashata wanazokula sasa ni nyingi kuliko sigara walizovuta. Kwangu ni biashara nzuri, sina malalamiko.

#26 Mfamasia_Pwani
Ndugu wa kahawa, una siri nyingine kwenye deli hujui. Moshi wa sigara, si nikotini, ni ule moshi wenyewe, huliamsha ini likaondoa kafeini upesi. Mvutaji huondoa kafeini karibu mara mbili ya asiyevuta. Akiacha, ini linarudi mwendo wake wa kawaida ndani ya siku kadhaa, lakini yeye vikombe ni vilevile, tena kwa maelezo yako vimeongezeka. Kafeini inajaa. Mikono inatetemeka, moyo unapiga, usingizi unakimbia. Mtu anadhani ni arosto ya sigara, kumbe nusu yake ni kahawa. Na mtu aliye macho usiku wa manane ataishia wapi?

#27 MkomaniJuu
Jikoni. Subhanallah. Mimi saa saba za usiku niko na kiporo cha wali na samaki wa kupaka baridi.

#28 UmmLangoni
Kiporo cha samaki wa kupaka kilikuwa cha watoto cha asubuhi, bila shaka. Mwonyeshe mkeo uzi huu, kaka.

#29 MzeeMatondoni
Kahawa twaanza kunywa tangu hatujabaleghe, na sigara wengi hatukuvuta. Twalala. Kijana akate mti, atalala.

#30 Mwalimu_Faza
Mzee, mikoko siku hizi ukikata bila kibali utalala kituoni.

#31 DawaZaBibi (Malindi)
Nyote mmezunguka tu. Asubuhi kabla ya kutia chochote kinywani: mai moto, ndimu, tangawizi iliyopondwa. Mwezi mmoja mafuta yanayeyuka. Mama yangu aliwapa watu wengi.

#32 Mfamasia_Pwani
Ndimu haiyeyushi mafuta ya mwili, dada. Ila maji moto ya ndimu yakichukua nafasi ya chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, mtu atapungua, na sifa ataipata ndimu.

#33 DawaZaBibi
Na aliyepungua atauliza ilikuwa ndimu au sukari? Kapungua. Nyinyi wa maduka ya dawa mwataka tununue.

#34 JahaziKipungani
Kwa kuwa maduka ya dawa yametajwa: ile chingamu ya nikotini inasaidia au ni kuhamisha uraibu tu?

#35 Mfamasia_Pwani
Inasaidia kuacha. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, pamoja na plasta ya kubandika. Kwa uzito, mtu anapoitumia kilo huchelewa kuja, kwa sababu bado anapata nikotini kidogo bila moshi. Akiiacha, sehemu ya kilo hizo huja. Faida yake ni kwamba hupigani vita viwili wiki moja: kwanza unamaliza sigara, kisha unashughulikia sahani. Wapo wanaosema hiyo ni kuahirisha tu. Mimi naona kuahirisha nako kuna thamani. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au mimba aongee na daktari kwanza.
Haitafunwi kama PK, chingamu ya kawaida, lakini. Unatafuna kidogo hadi usikie ukali, unaiweka kati ya shavu na ufizi, unangoja, unarudia. Ukiitafuna mfululizo utapata kwikwi na kiungulia, halafu uje kuilaumu.

#36 TuktukBarani
Bei?

#37 Mfamasia_Pwani
Inatofautiana sana, na si kila duka linaweka. Ulizia Malindi mjini au Mombasa. Kuliko sigara za mwezi mzima, fanya hesabu mwenyewe.

#38 TuktukBarani
Tatizo sigara hatununui za mwezi. Tunanunua moja, kibandani, na kiberiti cha kamba kinaning'inia pale bure.

#39 Mwalimu_Faza
Ambayo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza, kuuza sigara mojamoja. Imeandikwa waziwazi.

#40 TuktukBarani
Mwalimu, hata mimi kubeba abiria watano nyuma imekatazwa.

#41 BintiPate (Lamu)
Naona mazungumzo yote ni ya wanaume na moshi. Mama yangu hakuvuta siku moja. Alikuwa na uraibu wa tambuu, pamoja na popoo, chokaa na tumbaku ya kutafuna. Daktari wa meno alipomkataza kwa sababu ya vidonda mdomoni, akaacha, na akaanza ubuyu. Ubuyu, achari ya embe, ukwaju wa sukari, halwa ya bakuli. Kinywa hakikukaa kitupu. Alinenepa hata bangili zikakatwa.
Sasa semeni: hapo hapana moshi, kwa hiyo lile la kahawa na ini la #26 halimhusu. Gomba hakula, kwa hiyo #15 halimhusu. Kutembea kwake ni kulekule. Kushuka kwenye tuktuk hakuna. Mimi naona linalobaki ni la UmmLangoni, kinywa kilichozoea kazi.
Tena jambo jingine, yeye watu walimpongeza. "Mashallah umenawiri." Mwanamume akiacha sigara akanenepa anachekwa barazani hadi atamani kurudi. Hilo nalo mlitie kwenye hesabu.

#42 Muuguzi_Maweni
#41 tumbaku ya kutafuna ina nikotini pia, kwa hiyo la njaa na mwili kupunguza mwendo linamhusu mama. Ila la kinywa sikatai.
Na nyongeza ambayo watu huona haya kuitaja: choo. Wengi wakiacha sigara tumbo hufunga kwa wiki kadhaa, maana nikotini ilikuwa ikilichochea. Tumbo likijaa gesi suruali inabana, na hayo si mafuta. Maji, papai, mboga, mbaazi zenyewe pia, tui likipunguzwa.

#43 KaimatiMbili
Kwa hiyo ni nikotini, gomba, kahawa, kinywa, tuktuk, githeri, na sasa choo. Mkeo alisema neno moja tu.

#44 KijanaKisumuNdogo
Nyinyi wa Lamu afadhali. Huku Malindi kila kona Wataliano wameweka aiskrimu na piza. Mimi niliacha shisha, ambayo ilipigwa marufuku 2017, na sasa naona utamu ule ninaula kwa kijiko.

#45 MzeeMatondoni
Aiskrimu ni yeo. Nazi ndiyo chakula.

#46 Muuguzi_Maweni
Kijana, vizuri umeacha. Kikao kimoja cha shisha mtu anaweza kuvuta moshi unaolingana na wa sigara 100 au zaidi. Kula aiskrimu yako, lakini kikombe kidogo.

#47 MkomaniJuu
Narudi baada ya kimya. Nimefuata ushauri mchanganyiko. Baada ya alasiri natembea hadi Shela na kurudi, siku nyingine narudi kwa boti, Mzee anisamehe. Kahawa mwisho adhuhuri. Kashata nimeacha, Mkunguni wananitazama vibaya. Mswaki ninao hapa naandika. Hamu ya sigara ikija naingoja, muuguzi mmoja aliniambia haizidi dakika chache, na ni kweli hupita. Njaa ndiyo haipiti. Kiuno kimesimama, hakijarudi. Usingizi umerudi nusu, ila usiku bado naamka, nanywa maji mengi, nakula kitu, nalala.

#48 Muuguzi_Maweni
Hapo ngoja. Unaamka kunywa maji tu, au na kukojoa pia?

#49 MkomaniJuu
Vyote. Nilidhani ni maji yenyewe.

#50 Muuguzi_Maweni
Kwenu kuna mwenye sukari?

#51 MkomaniJuu
Baba. Na ami yangu wa Siyu.

#52 Muuguzi_Maweni
Basi weka nadharia zote pembeni. Njaa isiyoshiba, kiu, kukojoa usiku, na ukoo una sukari: nenda kapime. Usile chochote kwa muda wa saa 8 kabla ya kipimo, maji matupu ruhusa, kidole kinadungwa asubuhi. Ikifika 7.0 (mmol/L) au zaidi hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha. Huenda si chochote. Lakini usimalizie mwezi ukihesabu mahamri kama kuna jambo jingine.

#53 UmmLangoni
Nenda kesho, kaka. Usingoje Jumatatu.

#54 MgeniWatamu
Si nilisema kitambi kinaleta sukari?

#55 Mwalimu_Faza
Na kuvuta nako kunaongeza hatari ya kisukari, hilo limejulikana miaka mingi. Usijipe ushindi mapema. Hajapima bado.

#56 JahaziKipungani
Apime, inshallah itatoka sawa. Ikitoka sawa tunarudi kwenye gomba.

#57 BintiPate
Kwenye kinywa.

#58 KaimatiMbili
Mkewe amejiunga na jukwaa tangu asubuhi, nimeona jina. Anasoma tu, haandiki.

#59 MkomaniJuu
Anaandika. Yuko hapa ananiamrisha niandike kwamba kiporo cha usiku wa jana kilikuwa cha wageni. Kesho saa mbili asubuhi niko foleni ya maabara, tumbo tupu.